Uaminini Mhuri Kwanza: Nasaha kwa Vijana wa Kolwezi Wanaokusanya Stempu

Wanangu na wajukuu wangu wa Kolwezi, ninyi mnaoniita nkambo, leo naanza kwa katazo, sababu zitafuata. Mkikuta nyumbani bahasha ya zamani yenye stempu, msiibandue stempu hiyo. Msiikate kwa mkasi, msiiloweke majini, msiishike juu ya birika linalochemka ili gundi ilainike. Iacheni pamoja na bahasha yake na barua iliyomo. Nimekuwa mkusanyaji tangu nilipokuwa karani kijana katika ofisi za mgodi, wakati bahasha zilipotupwa kwa kapu zima kila jioni, na nimeona mambo mengi ya mji huu yakiharibiwa na mkasi wa mtu mwenye nia njema kuliko yaliyoharibiwa na mchwa.

Anayeanza kukusanya hutazama picha. Si kosa, maana picha ndiyo inayovuta jicho. Lakini picha ni tamko la mwenye serikali: hapo anaonyesha vile anavyotaka nchi ionekane. Mhuri wa posta ni kitu kingine kabisa. Unataja mji barua ilikotoka na siku iliyotoka, na ukiigeuza bahasha mara nyingi utakuta mihuri mingine ya njiani, na wa mwisho wa mahali ilikofika. Karani aliyepiga mhuri hakuwa akimsifu mtu yeyote. Alikuwa akifanya kazi yake na saa ya kufunga dirisha inakaribia. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua historia ya Kongo, hasa ya upande wetu huu wa Lualaba, asome picha na mhuri, na vikipingana auamini mhuri kwanza. Hilo ndilo neno langu kwenu. Sasa nitawaonyesha ninalitoa wapi.

Stempu za kwanza za Kongo zilitoka tarehe 1 Januari 1886. Dola lenyewe lilikuwa changa mno. Mkutano wa Berlin ulikuwa umefungwa Februari 1885, na Leopold II, mfalme wa Wabelgiji, alikuwa amejitwalia nchi hii na kuiita Dola Huru la Kongo, kana kwamba ni shamba lake binafsi. Zilikuwa stempu za santimu 5 ya kijani, 10 nyekundu, 25 ya bluu, 50 ya kijani cha zeituni, na faranga 5 ya zambarau. Zote zina uso wa Leopold, ndevu zake ndefu, akitazama pembeni. Juu yake yameandikwa kwa Kifaransa maneno ya dola huru. Uhuru wa nani, haikusemwa.

Angalieni bei hizo. Kwa utaratibu wa Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa Bern mwaka 1874, barua ya kwenda nchi za nje ililipiwa santimu 25, nayo Kongo ya Leopold iliingia katika umoja huo siku hiyohiyo stempu zake zilipotoka. Maana yake stempu hizi zilitengenezwa zikitazama nje. Zilihitajika kwa barua za Banana na Boma, bandari za mlango wa mto, ambako mawakala wa mfalme, wafanyabiashara na wamisionari wachache waliwaandikia ndugu zao Ulaya. Mtu wa Antwerp au London aliyepokea barua yenye uso ule aliamini kwamba huko ilikotoka kuna serikali yenye ofisi, makarani na njia za kupita. Sehemu kubwa ya nchi aliyoidai Leopold ilikuwa haijaonja hata kivuli cha mtumishi wake. Naye mwenyewe, mpaka alipokufa Desemba 1909, hakukanyaga ardhi ya Kongo hata siku moja. Stempu ilitangulia, dola likaja nyuma yake na bunduki.

Sasa tuje kwetu. Februari 1886, mwezi mmoja baada ya stempu hizo kutoka, mmisionari wa Kiskoti, Frederick Stanley Arnot, aliingia Bunkeya, mji mkuu wa mtawala Msiri, ambao leo umo katika mkoa wetu wa Lualaba. Katika ramani ya Leopold, Bunkeya ilikuwa Kongo. Kwa posta haikuwa hivyo. Arnot alikuwa amekuja kutoka magharibi kwa kupitia Bié, na njia yake ya kuwasiliana na Ulaya ilikuwa ileile: barua zilibebwa na wapagazi wa misafara mpaka Benguela, katika pwani iliyoshikwa na Wareno, zikapakiwa melini huko. Upande wa mashariki misafara ya Waswahili na Wanyamwezi ilileta nguo, baruti na habari za Unyanyembe na pwani. Msiri mwenyewe alikuwa na asili ya huko Unyamwezi, na shaba, pembe na watumwa wa himaya yake walichukuliwa pande zote mbili. Ofisi ya posta ya Leopold haikuwako. Kijana anayeniambia kwamba mwaka 1886 nchi yetu ilikuwa chini ya Leopold kwa sababu stempu inasema hivyo, namwuliza swali moja tu: mhuri wa Bunkeya uko wapi?

Kuna barua moja ya Bunkeya ambayo nataka muijue ingawa haikuwa na stempu. Novemba 1890 Mwingereza Alfred Sharpe alifika kwa Msiri akitaka atie sahihi mkataba wa kuwapa Waingereza nchi. Msiri alikataa. Baadaye, mambo yalipombana, alikubali barua iandikwe kumwita Sharpe arudi. Barua ile ilikutana njiani na msafara wa Kapteni William Stairs, aliyekuwa akija kwa niaba ya Leopold kutoka Zanzibar, na wapagazi wengi wa Kizanzibari nyuma yake. Ikaishia mikononi mwa Stairs, wala haikumfikia Sharpe. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa kwa risasi na Kapteni Bodson, mmoja wa maofisa wa Stairs, na Bodson naye akafa kwa jeraha la siku hiyohiyo. Sisemi kwamba barua ile ingeyaokoa maisha ya Msiri. Waingereza nao walikuja kutafuta shaba. Ninachosema ni kwamba aliyekuwa na njia ya barua ndiye aliyekuwa na nchi, na ndiyo maana wafalme wa wakati ule walihangaikia stempu kama walivyohangaikia bunduki.

Mwaka 1894 likaja toleo ambalo wakusanyaji wote wa Kongo wanaliita Mols, kwa jina la mchoraji. Robert Mols na mwenzake Piet van Engelen walichora mandhari ya Kongo kwa maonyesho makubwa ya Antwerp ya mwaka huohuo, maonyesho ambayo pia yaliwaweka Wakongo hai ndani ya kijiji cha kuigiza ili Wazungu wawatazame. Kutokana na michoro hiyo kampuni ya Waterlow & Sons ya London ilichonga mabamba na kuchapa stempu. Uso wa Leopold uliondolewa. Badala yake tukapata bandari ya Matadi kwenye santimu 5, maporomoko ya Stanley kwenye santimu 10, maporomoko ya Inkisi kwenye 25, daraja la reli la Mpozo kwenye 50, uwindaji wa tembo kwenye faranga 1, na mtemi wa Wabangala pamoja na mke wake kwenye faranga 5. Baadaye zikaongezwa nyingine, mojawapo ikionyesha watu wakikwea michikichi na nyingine mtumbwi mtoni.

Mkipata nafasi ya kushika stempu moja ya Mols, ishikeni kwa kibano, si kwa vidole, muiinamishe kidogo kwenye mwanga wa dirishani. Mtaona wino umesimama juu ya karatasi, mistari midogo imeinuka kiasi cha kuhisiwa na ukucha. Hiyo ni alama ya bamba lililochongwa. Fremu ina rangi, picha ya katikati ni nyeusi, na hii maana yake karatasi ilipita mashinini mara mbili. Mfanyakazi aliyeigeuza karatasi vibaya kwenye mzunguko wa pili alizaa stempu yenye picha iliyosimama kichwa chini. Zipo chache za namna hiyo, na matajiri huzigombania. Mimi nazitaja kwa sababu moja tu: mjue kwamba hata chombo cha dola kilichochongwa kwa ustadi wa namna ile kilipita mikononi mwa mtu aliyechoka.

Tazameni tena ile ya santimu 10. Maporomoko ya Stanley ni maporomoko ya Boyoma, karibu na Kisangani. Maji yanayoporomoka pale ni ya Lualaba. Ni mto huuhuu unaopita karibu na mji wetu na kuingia kwenye korongo la N'Zilo, ambako Wabelgiji walijenga bwawa la Delcommune katika miaka ya mwanzo ya 1950. Katika toleo zima la 1894 hakuna kilima cha Katanga, hakuna mfua shaba wala msalaba wa shaba walioutumia mababu zetu kama fedha. Kitu cha kwetu kilichoingia ni maji yetu tu, yakiwa yameshafika mbali na kupewa jina la mgeni. Nadhani ni stempu nzuri kuliko zote za Kongo, na nadhani pia inasema wazi ni nani aliyekuwa nje ya macho ya mchoraji.

Rangi za Mols nazo zina habari. Santimu 5 ilianza ya bluu mwaka 1894, ikawa ya kahawia 1895, ikawa ya kijani 1900. Mchoraji hakuwa na neno katika hilo. Umoja wa Posta ulikutana Washington mwaka 1897 na kukubaliana kwamba stempu ya machapisho iwe ya kijani, ya kadi iwe nyekundu, ya barua ya nje iwe ya bluu, ili karani wa nchi yoyote aitambue bila kusoma lugha iliyoandikwa. Kwa hiyo ukiwa na kadi yenye santimu 10 nyekundu ya Mols, umekwisha kujua bila kutazama tarehe kwamba haikutumwa kabla ya 1900 au karibu na hapo. Namna hii ya kufikiri ndiyo inayomtofautisha mkusanyaji na mtu wa kujaza albamu.

Mwaka 1908, baada ya kelele za dunia nzima juu ya mikono iliyokatwa na vijiji vilivyochomwa kwa ajili ya mpira, bunge la Ubelgiji lilimnyang'anya Leopold Kongo na kuifanya koloni la Ubelgiji kuanzia tarehe 15 Novemba. Jina lilibadilika kwa usiku mmoja. Stempu mpya hazikuwa tayari. Wakachukua akiba ya Mols na kugonga juu yake maneno CONGO BELGE, nyingine kwa mihuri ya mkono huko Boma na Brussels, nyingine baadaye kwa mashine. Ile ya mkono mtaitambua: herufi zimepinda, wino umejaa upande mmoja na kukauka upande mwingine, na haikai mahali pamoja stempu hadi stempu. Nawaomba mkae nayo kidogo mkiiona. Nchi nzima imebadilishiwa mwenyewe kwa kipande cha mpira kilichochovywa kwenye wino, na picha ya chini imebaki ileile, bandari ileile na daraja lilelile, na nje ya picha, wapagazi walewale barabarani.

Mambo haya hayakuwa yetu peke yetu. Ndugu zetu wa pwani wameyaona. Kampuni ya Waingereza iliyotawala Mombasa ilianza mwaka 1890 kwa kuchapa jina lake juu ya stempu za Uingereza. Wajerumani wa Tanganyika walianza 1893 kwa kuchapa bei ya pesa juu ya stempu za Ujerumani. Zanzibar ya Sultani Hamed bin Thuwaini ilianza Novemba 1895 kwa neno Zanzibar juu ya stempu za India. Askari wa Kongo walipoiteka Tabora mnamo tarehe 19 Septemba 1916, stempu za Kongo ya Wabelgiji zilichapwa juu yake maneno ya kukalia Afrika Mashariki ya Wajerumani, na zikatumika huko. Barua za Kigoma na Tabora za miaka ile zikabeba picha za Kongo. Popote mtakapoona maneno yamechapwa juu ya stempu, jueni mtawala alikuwa na haraka.

Sasa reli, maana bila reli Katanga haina posta ya kusimulia. Mpaka mwanzoni mwa karne ya 20 barua ya huku ilikuwa mzigo wa kichwa, miezi njiani. Reli kutoka kusini ilifika Broken Hill, yaani Kabwe ya leo, mwaka 1906, na Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Hapo ndipo barua ya Katanga ilipoanza kusafiri kwa wiki badala ya miezi, lakini kwa kupitia nchi ya Waingereza. Union Minière, iliyoundwa 1906, ikaanza kutoa shaba kwa wingi. Treni ikafika Bukama 1918, na mwaka 1931 reli ya Benguela ikaunganishwa na ya Katanga kupitia Dilolo na Tenke, ikipita hapa. Mtaona basi kwamba njia ya barua za Arnot na wapagazi wake kuelekea Benguela ilirudi baada ya miaka 45 ikiwa ya chuma. Mji wa Kolwezi ulikua juu ya njia hiyo mwishoni mwa miaka ya 1930.

Kwa hiyo bahasha yenye mhuri wa Kolwezi haiwezi kuwa ya 1886, wala ya 1894, wala ya 1909. Atakayewauzia ya namna hiyo ni mwongo, na mtajua hilo bila kuwa na lenzi. Bahasha zetu za kwanza za Kolwezi zina stempu za wakati wa Wabelgiji zenye lugha mbili, Kifaransa na Kiflemi: michikichi na chui wa 1942, vinyago vya 1947, maua ya 1952. Zilikuwa zikitoka kwa mafundi na wakubwa wa Union Minière, lakini pia kwa baba zetu, walioletwa kutoka Kasai, Maniema, Rwanda na vijiji vya Walunda na Wasanga. Barua ya mchimbaji aliyemwandikia mama yake Kabinda kwa mwandiko wa mwalimu wa misheni, kwangu mimi inapita toleo zima la Mols lisilotumika. Mols isiyotumika ipo katika kila mnada wa Ulaya. Barua ile ipo moja.

Mwaka 1960 nilikuwa mtoto wa shule. Tarehe 30 Juni Kongo ikapata uhuru, na posta ikatoa stempu zenye ramani ya nchi nzima. Tarehe 11 Julai Moïse Tshombe akaitangaza Katanga kuwa nchi peke yake. Serikali yake haikuwa na stempu, ikafanya kama wengine wote niliowataja: ikachapa neno KATANGA juu ya stempu za zamani za Wabelgiji. Na zile za uhuru zenye ramani nazo zilichapwa juu yake tarehe ya 11 Julai ya dola la Katanga. Ichukueni hiyo mkaitazame vizuri. Ramani ya Kongo moja iko chini, na juu yake imeandikwa siku ya kuikata. Sijui kitabu kinachosema jambo hilo kwa ufupi namna ile. Mwaka 1961 zikaja stempu za Katanga zenyewe, za michoro ya vinyago vya mbao, na pia sarafu zenye msalaba wa shaba.

Hakuna nchi iliyoitambua Katanga rasmi, wala haikuwa mwanachama wa Umoja wa Posta. Hata hivyo barua zilikwenda zikafika. Askari wa Umoja wa Mataifa nao walikuwako, na Wahindi miongoni mwao walikuwa na stempu zao za India zilizochapwa juu yake maneno ya jeshi la Umoja wa Mataifa Kongo, za mwaka 1962. Kolwezi ilikuwa ngome ya mwisho ya Tshombe. Katikati ya Januari 1963 alikubali kumaliza kujitenga, na tarehe 21 Januari majeshi ya Umoja wa Mataifa yakaingia mjini kwetu. Mwenye bahasha iliyopigwa mhuri wa Kolwezi katika wiki zile ana ushahidi wa serikali ngapi zilikuwa zikidai dirisha moja la posta. Msikubali mtu aichukue kwa bei ya bia mbili.

Nimefika kwenye fedha, na hapa nisikilizeni kwa makini, maana najua njaa iliyopo. Najua vijana wanaoshuka mashimo ya madini ya Kasulo na kupeleka magunia soko la Musompo, na najua kwamba mtu akisikia stempu ya zamani inauzwa ghali Ulaya anaona mgodi mwingine. Si mgodi. Stempu nyingi za Katanga za 1961 ziliuzwa kwa wakusanyaji zikiwa hazijawahi kubandikwa, na hadi leo bei yake ni ndogo. Stempu za Mols za thamani ndogo hali kadhalika. Zinazotafutwa kwa fedha nyingi ni chache, na hizohizo ndizo zinazoigwa. Faranga 5 ya zambarau ya 1886 imeghushiwa tangu zamani. CONGO BELGE ya mkono imeghushiwa zaidi, maana kughushi mhuri wa mpira hakuhitaji kiwanda. Unachukua Mols halali ya bei rahisi, unaigonga. Waganda wana mfano wao: stempu zao za kwanza za Machi 1895 zilipigwa kwa taipureta na mmisionari Ernest Millar huko Mengo, bei yake ikiwa kwa kauri, na kila mwenye taipureta ya zamani amejaribu kuziiga. Na kuna karatasi za rangirangi zenye jina la Kongo ambazo posta yetu haikuzitoa kamwe; Umoja wa Posta Duniani umekuwa ukionya juu ya stempu haramu za namna hiyo kwa miaka mingi. Msinunue stempu ya bei kubwa isiyo na hati ya mtaalamu, na msiuze msichokisoma.

Kuhusu kutunza, nitasema machache. Adui mkubwa wa Kolwezi ni masika, unyevu wa kuanzia Novemba mpaka Aprili, na vumbi la kiangazi linalofuata. Wekeni bahasha ndani ya kasha la bati, katikati ya karatasi nyeupe safi, juu ya kabati na si chini ya kitanda. Msitumie selotepu hata kidogo. Gundi yake hugeuka ya manjano na kula karatasi. Na nawaomba sana, msizipeleke kwa wale vijana wa barabarani wanaofunika vyeti kwa plastiki ya moto. Najua mnafanya hivyo kwa heshima. Lakini joto lile huunguza wino, na plastiki haitoki tena. Nimeonyeshwa kadi ya Wabelgiji iliyofunikwa namna hiyo, na hakuna fundi duniani atakayeifungua bila kuichana. Pigeni picha kwa simu mbele na nyuma. Kisha mwandike kwenye karatasi ya pembeni, kwa penseli, bahasha imetoka kwa nani, ilikuwa nyumba gani, nani alimwandikia nani, na walihusianaje. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi nimeshuhudia wajane wakiuza makasha ambayo hakuna aliyejua yana nini.

Liko jambo moja zito. Mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, majirani zetu tuliosoma nao na kuzika nao. Walilala vituoni wakisubiri treni, wengi walikufa, na nyumba zao zikabaki na kila kilichomo. Barua zao zilibaki pia. Baadhi ziko mpaka leo katika madari na mabohari ya mji huu, zikiwa na majina kwenye bahasha. Mkizipata, hizo si mkusanyiko wenu. Someni jina, ulizeni kanisani, ulizeni wazee wa mtaa, piganeni kuzirudisha kwa watoto wa wenyewe walioko Mbuji-Mayi au Kananga. Mkishindwa kumpata mwenyewe, zihifadhini kwa jina lake, msizitenganishe na msiziuze. Anayechuma stempu kwenye barua ya mtu aliyefukuzwa anafanya unyang'anyi wa pili.

Posta ya leo haina barua nyingi. Mnazungumza kwa simu, mizigo mnampa dereva wa basi la Lubumbashi, na siwalaumu. Lakini maana yake barua zilizopo ndizo zilizobaki, hazitaongezeka. Kila mzee anayefariki mwaka huu anaacha kasha, na mazishi yakishaisha watoto wanachoma karatasi ili kusafisha chumba cha wageni. Kwa hiyo nendeni kwa bibi zenu na shangazi zenu wiki hii, kabla ya mvua, mwulize kama kuna bahasha za zamani ndani ya nyumba, mketi nao wawasimulie nani aliandika. Mkipata yenye mhuri wa Kolwezi wa kabla ya 1960, au ya wiki zile za Januari 1963, ileteni ilivyo, bila kuifuta vumbi. Mlango wangu uko wazi kila alasiri, na lenzi iko mezani.